Nilivyomhesabu Bi Siwatu kwenye sensa ya usiku uleule alioondoka

Wakuu, salaam zenu nyote. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila ku-login, nanyi nawasalimu.

Huku Ruaruke umeme umekatika tangu asubuhi, mvua inanyesha ile ya polepole, na simu yangu bado ina chaji. Nimekaa barazani nikaanza kukumbuka sensa iliyopita. Nikaona kisa hiki nikiandike kabla hakijanichanganyikia na ndoto, maana kuna vipande vyake mpaka leo nikivikumbuka najiuliza kama nilikuwa macho kweli.

Wale wa "chai hii, umetunga" niwaambie mapema: hapa hakuna sukari wala majani. Nilikuwepo mwenyewe. Nilikuwa karani.

Majina nimebadilisha. Kitongoji sikitaji, jueni tu ni kule chini kabisa kwenye delta, upande wa Kiongoroni, ambako barabara ni mto na basi ni mtumbwi. Makarani tuliapa kutunza siri za watu, na kiapo changu bado nakiheshimu. Haya ninayoyasimulia nilirudi baadaye kumwomba ruhusa mwenye habari, akaniambia, "Sema, lakini usinizidishie."

Basi sizidishi.

Mimi ni binti wa nchi kavu. Nimezaliwa kwenye mihogo na mikorosho, maji niliyoyajua ni ya kisimani. Nilimaliza chuo, ajira zikawa hadithi, nikaomba kazi ya sensa kama wenzangu. Nilijua nitazunguka hapa hapa kijijini, mchana nakula kwa mama. Siku ya kupangwa wakasema kule delta makarani hawatoshi, nani yuko tayari kwenda? Mkono wangu ukanyooka wenyewe. Mama alipopata habari aliniuliza kama najua kuogelea. Nikamwambia wametupa life jacket. Akanitazama tu.

Tulipanda boti pale Nyamisati, mimi na Shamte, kijana mwenye boti iliyokodiwa kunizungusha. Kijana namwita hivyo kwa heshima, ana wake na watoto na kitambi. Injini ilivuma mpaka tukaingia kwenye mito myembamba, akaizima akachukua pondo, akawa anaisukuma boti kwa kuchomeka ule mti chini kwenye tope.

Wakuu, mle ndani ya mikoko kuna ukimya wa aina yake. Mizizi imesimama juu ya maji, kaa wekundu wanapanda na kushuka, mwanga unakuja wa kijani. Unakata kona unaona mto, unakata nyingine unaona mto uleule. Nikawa sijui tunakwenda au tunarudi. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena, na kila nikiamka Shamte yuko palepale na pondo lake anaimba kwa sauti ya chini. Nilifika kule nikiwa nusu mtu.

Sasa siku chache kabla ya sensa yenyewe, karani anapita kwenye eneo lake na mwenyekiti wa kitongoji ili ajue mipaka na kaya zilipo. Huhesabu mtu bado, unaonyeshwa tu. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema, mwenye haraka kidogo. Alinipitisha nyumba hadi nyumba mpaka tukafika mwisho, ukingoni mwa mto, penye nyumba mbili za miti na udongo zinazotazamana. Katikati yake kuna uwanja mdogo uliofagiliwa vizuri.

Kwenye mlango wa nyumba ya kwanza alikuwa amekaa bibi mmoja mwembamba, kanga mpya, wanja machoni, mikono kapakata. Huyo ndiye Bi Siwatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ndo weye mwenye kuhesabu? Haya, nihesabu."

Nikamweleza kwamba bado, siku yake haijafika.

"Kumbe mpaka lini? Mie nishavaa."

Kutoka nyumba ya pili ikaja sauti: "Mwache mtoto wa watu, Siwatu. Hesabu haikimbii. Weye ndo hukimbia."

Huyo mwenye sauti ni Bi Mwanaidi. Alikuwa kakaa mkekani anasuka ukili, hata kichwa hakuinua. Mwenyekiti akanong'ona kwamba hawa wawili ni wake wenza. Mume alishafariki zamani, watoto wametawanyika Dar na Mafia, wao wamebaki wanatazamana. Kila mtu na nyumba yake, jiko lake, chungu chake. Na kila siku wanarushiana maneno kama mpira, akasema, yeye mwenyewe amezaliwa akawakuta hivyo.

Bi Siwatu alinikalisha, akanitajia mpaka umri wake, akanipa kisa chake. Alikuwa hajawahi kuhesabiwa hata mara moja maishani.

Sensa ya kwanza anayoikumbuka alikuwa mwali, kaenda na mumewe kukata boriti za mikandaa, aina ya mikoko, wakalala ndani ya chombo huko huko mtoni. Nyingine zilimkuta dunguni. Kwa wasiojua, dungu ni kibanda cha juu ya miti kule kwenye shamba la mpunga, watu wa huku wanahamia humo kulinda mazao, unaweza kumaliza msimu mzima hujakanyaga nyumbani. Na ile ya mwisho ikamkuta dunguni tena. Karani alikuja hapa nyumbani, akamkuta Bi Mwanaidi, akauliza nani kalala nyumba ile pale. Bi Mwanaidi akajibu kweli tupu: mwenzangu hakulala hapa, yuko dunguni. Karani akaandika, akaondoka. Kule juu shambani hakupanda mtu.

Tangu siku hiyo likawa neno. Vikija vyandarua vya serikali, Bi Mwanaidi anasema hivi ni vya waliohesabiwa. Ikija chanjo ya kuku, anauliza kuku wa asiyehesabiwa nao wanachanjwa? Mimi nilicheka. Bi Siwatu naye alicheka, lakini alipomaliza kucheka alinishika mkono.

"Yeye hufanya mzaha," akasema. "Mie silali. Zahanati haiji hapa, kisima hakiji, watu wazima tunatiwa mtumbwini tukiumwa. Nawaza, labda huko juu hesabu yetu imepungua mtu mmoja. Labda pungufu ni mie."

Nilimwambia sivyo ilivyo bibi, hesabu haikwami kwa mtu mmoja. Nilimwambia kwa ile sauti ya semina. Hakuniamini, na nikiri kwamba hata mimi ilivyotoka mdomoni sikuipenda. Maana mwisho wa yote, hesabu ni nini kama si mmoja na mmoja na mmoja?

Alikuwa anakohoa, kifua kibaya. Nilipoaga alisema, "Siku yenyewe mie sitoki hapa. Hata nikiitwa."

Bi Mwanaidi akamjibu kutoka ng'ambo ya uwanja, "Nani akuite weye?"

Nikaondoka na lile neno kifuani. Nikajiapia kwamba safari hii huyu bibi ataingia, hata kama itabidi nimfuate dunguni kwa magoti.

Hapa lazima niwaeleze kanuni moja, mkiikosa hii kisa kizima kitawapita. Sensa inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mstari ni saa sita usiku. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hahesabiwi. Aliyefariki kabla ya hapo hahesabiwi. Ila aliyekuwa hai saa sita, akafariki baadaye, huyo anahesabiwa miongoni mwa walio hai. Darasani mkufunzi alipoisema tulicheka, tukaona ni maswali ya mtihani, nani atakutana na hayo.

Basi usiku huo ukafika. Tulikuwa tumeelekezwa kwamba ikigonga saa sita tuanze na wale wasio kwenye kaya: wasafiri, walinzi, wavuvi walio kambini. Kambi ya wavuvi huku wanaiita dago. Mimi nikapelekwa dago lililo mdomoni mwa mto, kwenye ulimi wa mchanga, chini kidogo ya kile kitongoji.

Tulikaa tunasubiri. Mwezi hakuna, nyota nyingi kupita kiasi, moto wa wavuvi umebaki makaa. Mmoja wao alikuwa na redio ndogo, mtangazaji anahesabu dakika. Ilipokaribia, watu wazima wale, wanaume na makovu yao, wakanyamaza wenyewe. Mwingine akavaa shati.

Nami nikaanza kuota macho wazi. Nikamwona mama Ruaruke kalala na taa kaipunguza. Nikawaona madereva wa malori wanavuka daraja pale Ndundu, manesi wa Kibiti wanapita kitanda kwa kitanda, mtu kituo cha basi kajifunika kitenge, watoto wamelala wanne kitanda kimoja. Nchi nzima imetulia kwa wakati mmoja, kila mtu pale alipo, kama picha ya darasa ambayo hakuna aliyeambiwa acheke. Nilisikia machozi, wakuu, na sikujua ya nini.

Saa sita ikapiga. Nikawasha kishikwambi, nikaanza na yule aliyevaa shati.

Kitu ninachokikumbuka ni viatu vyangu. Nilivivua nikaviweka mchangani nyuma yangu, pakavu kabisa. Nilipokuwa nahesabu, Shamte akaja amevishika vinachuruzika. Maji yalikuwa bado yanajaa. Hata tulipomaliza wote, wavuvi walikuwa wanavuta nyavu zao juu zaidi. Nikajilaza botini nikasikia maji yanapanda chini ya mbao, nikalala.

Asubuhi tukapanda mto kwenda kitongojini. Nilimwambia Shamte tuanzie mwisho, nyumba ya Bi Siwatu, awe wa kwanza.

Kabla hatujafunga boti niliona wanaume wamekaa kwenye mikeka pale uwanjani. Hawaongei. Mwenyekiti akanifuata majini akaniambia, "Karani, tumepata msiba. Bi Siwatu katutoka usiku."

Nilikaa chini. Kwenye tope, na kishikwambi cha serikali mapajani.

Mwenyekiti alinipa dakika zangu, kisha akaongea kiungwana. Alisema maziko ni baada ya Adhuhuri, na kabla ya hapo nisubiri, au nianze kaya za upande wa pili. Nikamuuliza, "Alifariki saa ngapi?" Akasema hakuna ajuaye, aliyekuwa naye ni Bi Mwanaidi peke yake, na yule hana saa. Akaongeza, "Mwandike kwenye vifo, mwanangu, yaishe. Maiti hahesabiwi na wazima. Watu watasemaje?"

Na kweli dodoso lina sehemu ya vifo. Ingekuwa rahisi. Ingekuwa rahisi pia kumwandika hai nikanyamaza, nani angekuja kunikagua? Yote mawili yalinijia kichwani. Lakini nilimkumbuka bibi na wanja wake. Aliingoja hesabu ya kweli maisha yake yote, nimwingize kwa mlango wa uwani?

Network kule ipo sehemu moja tu, nyuma ya msikiti. Nikaenda, nikampigia msimamizi wangu. Hakunizungusha. "Kanuni unaijua. Kama alikuwa hai saa sita, mhesabu. Kama hakuwa hai, usimhesabu. Muulize aliyekuwa naye."

Aliyekuwa naye. Yuleyule aliyesema mara ya mwisho kwamba mwenzangu hakulala hapa.

Nikajitanda kanga nikaingia walipo wanawake. Chumba kina giza na harufu ya udi. Bi Siwatu amelazwa kitandani, kafunikwa shuka nyeupe, bado hawajamwosha. Bi Mwanaidi amekaa chini, mgongo kaegemeza ubavu wa kitanda, miguu kanyoosha kama mtu aliyetoka shamba.

Nikampa pole, nikakaa karibu yake. Nilikuwa sina ujasiri wa kuuliza. Mwishowe yeye akauliza.

"Umekuja kuhesabu?"

"Nimekuja kukupa pole, bibi."

"Pole nimepokea. Na kuhesabu?"

Nikamwambia inategemea aliondoka wakati gani. Akasema hana saa, na hata angekuwa nayo asingeitazama. Ndipo ikanijia. Nikamuuliza, "Maji yalikuwaje?"

Akageuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Ukitaka ahesabiwe, maji yawe yanajaa au yanapwa?"

"Hilo sikwambii, bibi."

Mwanamke mmoja nadhani aliniona sina adabu, na sikumlaumu. Bi Mwanaidi alishusha macho, akawa anaisugua kidole kwa kidole ile mikono ya kusukia.

"Mara ile nilisema kweli, ikamtoa," akasema. "Hakulala hapa. Kweli tupu. Nikaifanya mzaha miaka yote ile nisiione. Sasa nikisema kweli, ikamtoa tena?"

Nilitamani kumwambia sema yanapwa, bibi, sema yanapwa. Kiapo kikanizuia.

Halafu Bi Mwanaidi akaanza kuongea taratibu, hatazami mtu.

"Mtumbwi wetu tunaufunga pale kwenye nguzo ya jikoni. Maji yakijaa huigonga ile nguzo, ngo, ngo, usiku kucha. Naye alikuwa hapendi, huugombeza kama mtu. Jana umegonga, umegonga, mie namshika mkono, yeye anapumua kwa shida. Kisha ukaacha. Ukageuka kichwa upande wa bahari. Nikamwambia, Siwatu, maji yamegeuka, haugongi tena, lala. Akanifinya kidole. Ndo akalala."

Wakuu, nikapiga hesabu. Saa sita mimi nilikuwa dago, karibu zaidi na bahari, na maji yalikuwa bado yanajaa, yamelowesha viatu vyangu. Yalikuwa yanajaa mpaka nalala. Na kadiri unavyopanda mto kwenda ndani, maji hugeuka baadaye zaidi. Kwa hiyo ule mtumbwi ulipoacha kugonga, saa sita ilishapita zamani. Bi Siwatu aliivuka akiwa hai, kashikwa mkono.

"Bibi," nikasema, "anahesabiwa."

Alivuta kanga akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika, na wanawake wakamsogelea. Nami nikalia, karani wa serikali na kitambulisho shingoni.

Alipotulia akasema nimhesabu hapo hapo, kabla hawajamwosha, asije akapelekwa tena bila kuhesabiwa. Nikatoka nje kumwambia mwenyekiti. Alikuna kichwa, akatazama mto kwa muda, akasema, "Kama maji ndo yamesema, mimi ni nani." Akavua kofia akarudi mkekani.

Nikaanza maswali. Jina. Jinsi. Umri, Bi Mwanaidi akasema hapo sasa kuna ugomvi, maana mwenzangu kaolewa kabla yangu lakini alikuwa anashikilia kwamba mie ndo mkubwa. Nikamwambia aliniambia mwenyewe siku ile. Akauliza alisema ngapi. Nikamwambia siwezi kutoa majibu ya mtu. Wanawake wakacheka kidogo, na yeye akacheka, msibani.

"Mwache basi awe mdogo," akasema. "Leo mpe."

Likaja swali la nani mwingine alilala kwenye kaya hii. Nikajua jibu kabla sijauliza, ila kuuliza ni lazima.

"Mie," akasema. "Nimelala hapa. Kitanda hiki hiki."

"Na nyumba yako?"

"Nimeifunga tangu alipozidiwa. Hata moto sijawasha kule."

Kwa kanuni, basi, kaya ilikuwa moja. Chungu kimoja, watu wawili. Nyumba ya pili pale uwanjani ilikuwa haina mtu. Nikamuuliza mkuu wa kaya ni nani.

"Yeye. Nyumba yake."

"Na wewe uhusiano wako na mkuu wa kaya?"

Akaniuliza mna nini na nini humo. Nikamsomea yale majibu ya kuchagua: mume au mke, mtoto, mzazi, mjukuu, ndugu mwingine, asiye na undugu.

"Mke mwenza hamna?"

"Hamna, bibi."

Alinyoosha mkono akaiweka sawa ile shuka nyeupe upande wa miguuni, pale ilipokuwa imepanda.

"Weka utakapo," akasema. "Lakini usiniandike si ndugu."

Nikabonyeza ndugu mwingine.

Nilimaliza, nikawapisha wamwoshe. Adhuhuri ikaswaliwa, wanaume wakambeba, wakapita nyuma ya mikoko penye mwinuko mkavu. Mimi nilibaki na wanawake, na kazi ikaendelea. Nilihesabu watu wa kitongoji kile wengi wao wakiwa wamekaa mikekani msibani, hakuna aliyekataa swali hata moja. Watu niliotahadharishwa kwamba watanificha majibu walinifuata wenyewe. Mama mmoja alirudi kutoka njiani kuja kunikumbusha mtoto aliyemsahau, alikuwa kalala kwa bibi yake. Walikuwa wamemwona Bi Mwanaidi alivyomhesabisha mwenzake.

Jioni Shamte alinirudisha. Hakuimba.

*

Nimerudi kuongezea: kuna mdau kauliza hapo chini, na swali lake ni zuri: mtu ambaye keshazikwa anasaidia nini kwenye mipango ya serikali? Hali, haumwi, haendi shule.

Mkuu, na mimi niliwahi kuwaza hivyo. Jibu langu la darasani ni kwamba sensa ni picha ya nchi kwa dakika moja, na ukianza kuchagua nani atolewe kwenye picha, utaishia kuwatoa wengi: walioko dunguni, walioko dago, waliolala ndani ya chombo. Watu wa delta walikuwa wanatoka kwenye picha kila mara kwa sababu ya namna wanavyoishi, hakuna aliyewaonea. Na mahali watu wakionekana wachache, zahanati inajengwa kwingine. Hiyo ndiyo sababu karani anatakiwa apande mpaka kule juu shambani. Ndiyo sababu na wewe ukiulizwa nani hakulala nyumbani, usijibu tu "hayupo" ukafunga mlango. Sema yuko wapi.

Jibu langu la moyoni ni fupi. Alitaka.

Sitawadanganya kwamba zahanati imeshajengwa. Niliporudi kuomba ruhusa ya kisa hiki nilifika kwa boti ileile, kwa kusinzia kulekule. Nyumba ya Bi Mwanaidi ilikuwa bado imefungwa kwa kamba ya ukili. Yeye nilimkuta mlangoni kwa Bi Siwatu, anapepeta mchele. Nikamuuliza harudi kwake? Akasema kule kumekuwa mbali. Ni hatua chache tu, wakuu, kukatiza uwanja.

Nilichojifunza mimi ni kwamba kuhesabiwa hakuanzii kwa serikali. Karani anakuja na kifaa chake, anauliza, lakini yeye hajui kitu. Lazima awepo mtu pale ndani anayejua ulikuwepo.

Nakaribisha mawazo, kejeli pia zitapokelewa kwa kiasi. Makarani wenzangu wa maeneo mengine, semeni na yenu, bila majina ya watu. Na nyie wengine naomba mnijibu moja tu: usiku ule ulilala wapi, na nani alikuwa macho karibu yako?